Matuta Manne ya Muhogo

Siku Khatibu alipokuja kumtaka radhi, Barke alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chake Bombolulu, gongo lake la kutembelea limeegemea ukuta, akichagua mchele kwenye uteo. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Agosti, mwaka wa 1987, na alasiri imeshasaliwa. Nduguye alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Alifuatana na Mwalimu Jaffar wa chuo cha Kurani cha Kisauni, na mkononi alikuwa na ratili mbili za halua ya lozi zilizofungwa kwa karatasi ya kaki. Barke alizitazama zile ratili mbili kabla ya kuwatazama wenyewe. Tangu Khatibu ajue kununua vitu, hajawahi kumletea dadake zaidi ya robo.

Jambo lenyewe lilikuwa la kawaida. Khatibu alikuwa akihamia Maskati na mkewe Dhahabu na watoto wao wawili. Binamu ya marehemu baba yao alikuwa amewatafutia vibali na nyumba, na tiketi zimekwisha kukatwa. Mtu akishika safari ya namna hiyo hupita kwa jamaa na majirani kuombana radhi, kwa sababu hajui kama wataonana tena. Watu husameheana, hunywa kahawa, wakaagana. Barke alikuwa amesamehe wengi kwa njia hiyo, na baadhi yao walikuwa bado wapo papo hapo Mombasa, hawajasafiri.

Lakini safari ya Khatibu ilikuwa na majuma matatu mbele, na radhi hutakwa siku mbili tatu kabla ya kuondoka, mizigo ikishafungwa.

"Dada," Khatibu alisema, "uniwie radhi. Lijulikanalo na lisilojulikana."

"Nimekusamehe," Barke alisema, mkono wake ukiendelea na mchele.

"La nyuma na la mbele."

Barke alisimamisha kidole juu ya kijiwe. "La mbele si bado hujalifanya, ndugu yangu?"

"Ndivyo isemwavyo, dada."

Haisemwi hivyo. Barke alimtazama Mwalimu Jaffar, na Mwalimu Jaffar akaitazama halua. Kisha Khatibu akamwita Mama Kafedha, mwenye nyumba, aliyekuwa akifua uani, akamwomba aje asikie. Mama Kafedha akaja na povu mikononi. Mbele ya mwalimu na mwenye nyumba, mwanamke hawezi kumkatalia nduguye wa tumbo moja anayevuka bahari. Barke akayasema yote aliyotakiwa kuyasema: amemsamehe lijulikanalo na lisilojulikana, la nyuma na la mbele, duniani na akhera. Khatibu akambusu mkono. Mkono ulikuwa na vumbi la mchele, na midomo ya Khatibu ikabaki nyeupe, wala hakuifuta mpaka alipofika barabarani.

Shaka ya Barke ilikuwa ya kazi, hakuzaliwa nayo. Mguu wake wa kushoto ulidhoofika kwa polio utotoni, na alikuwa na kazi katika karakana ya hapo Bombolulu ambako watu wenye vilema walitengeneza vipuli vya masikio na mikufu ya kuuziwa watalii. Yeye alikuwa mkaguzi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akivuta kila kipuli kuona kama waya utaachia, kabla hakijatiwa kwenye sanduku. Mtu akiifanya kazi hiyo siku sita kwa juma, siku ya saba hujikuta anavuta mambo ya watu.

Na siku ya saba Barke alikuwa akienda Kisauni, kwao. Huko kulikuwa na nyumba ya wazee wao ambamo Khatibu aliishi, minazi kumi na miwili, na nyuma ya nyumba, chini ya mkilifi, makaburi manne. Matatu yalikuwa ya watu wazima: babu yao, baba yao, na mama yao, Bi Mwanaima, aliyefariki mwaka wa 1981. La nne lilikuwa fupi. Hilo lilikuwa la Mishi, mtoto wa pekee wa Barke, aliyeishi siku tisini na mbili mwaka wa 1971. Babake Mishi aliondoka mwaka uliofuata bila kumtaka mtu radhi. Kila Jumapili Barke aliutilia maji mrehani uliooteshwa juu ya lile kaburi fupi, akakaa kidogo, akarudi. Katika dunia nzima hakuwa na kitu kingine alichoweza kukiita chake. Karatasi za shamba alikaa nazo Khatibu, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, ofisi zina ngazi nyingi na dadake ana mguu mmoja.

Jumapili ilipofika, Barke alikwenda kumsaidia Dhahabu kufunga mizigo. Chumba cha kati kilikuwa kimejaa masanduku yaliyoachwa wazi, na harufu ya nafthalini imepanda mpaka darini. Sakafuni karibu na dirisha, Bi Mwanaima alikuwa ameketi amenyoosha miguu, akizikunja leso zake mbili mbili na kuzipanga ndani ya kikapu cha ukili.

"Yuko tangu Jumatano," Dhahabu alisema. "Hataki kusaidiwa. Na amechukua ile kamba yangu nzuri ya masanduku."

"Shikamoo, mama," Barke alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mguu waonaje?"

"Ni ule ule."

"Alhamdulillahi."

Bi Mwanaima hakuwa amebadilika kwa ile miaka sita, isipokuwa kila alipojisogeza, mchanga ulimdondoka kutoka kwenye pindo la nguo. Dhahabu alikuwa akiufagia mara tatu kwa siku, na alilisema hilo kwa uchovu wa mtu mwenye kazi nyingine za kufanya. Barke akaweka gongo chini, akaketi mbele ya mama yake.

"Mama, wendapi?"

"Nahama."

"Wenda Maskati na Khatibu?"

"Khatibu yuwasafiri. Mimi nahama. Si mamoja."

"Wahamia wapi?"

"Sijaambiwa. Nimeambiwa nitoke tu."

"Nani alokwambia?"

Bi Mwanaima alimtupia jicho Dhahabu, kisha akasema angependa chai. Dhahabu akamletea, akaiweka mbele yake mpaka ikapoa, akaenda kuimwaga kwenye mkebe wa asumini, kama alivyofanya tangu Jumatano. Wakati huo Barke alichungulia ndani ya kikapu. Juu ya leso kulikuwa na tasbihi, kijaluba cha wanja na kofia ndogo ya sufi ya rangi ya manjano. Kofia ile aliifuma mwenyewe, akiwa mjamzito, na alikosea mishono upande mmoja. Mara ya mwisho aliiona kichwani mwa Mishi.

Khatibu aliingia na kufuli mpya tatu mkononi. Akamwamkia mama yake akipita, bila kusimama.

"Khatibu," Barke alisema, "mama yuwafunga mizigo."

"Wazee wakiona masanduku huhangaika, dada. Babu yake Dhahabu, watu wake walipohamia Malindi, alikaa juu ya paa siku nne. Mwache. Tukishaondoka atatulia."

"Na nyumba wamwachia nani?"

"Yuko mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mzuri."

Barke alikuwa amevuta vipuli vya kutosha kujua waya unapoanza kuachia. Tangu aingie alikuwa ameona kwamba kamba ya kuanikia nguo, iliyokuwa nyuma ya nyumba tangu uhai wa baba yao, imehamishwa mbele, nguo za ndani za watu zinapepea barabarani. Ameona kabati la vyombo limesukumwa mbele ya mlango wa nyuma. Na Khatibu, aliyekwisha kumtaka radhi kila mtu mpaka muuza mahamri, hakuwa amesema neno juu ya kwenda makaburini kuwaaga wazee, jambo ambalo hata mtu anayekwenda Voi kwa juma moja hulikumbuka. Barke aliinuka, akatoka mlango wa mbele, akaizunguka nyumba polepole kwa gongo lake.

Makaburi yalikuwa mahali pake. La Bi Mwanaima lilikuwa limebonyea kidogo katikati, mahali mtu alipotokea. Pembeni, kwenye majani, kulikuwa na jiwe la saruji lililopakwa rangi nyekundu kichwani, na jingine mbali kidogo, na jingine karibu na mnazi wa mwisho. Chini ya mnazi huo alisimama Chengo, mgema wao wa miaka mingi, akinoa kisu chake cha tembo kwenye ubao.

"Chengo, mawe haya ni ya nini?"

"Ni ya mpaka, mama."

"Mpaka wa nani?"

Chengo akakijaribu kisu kwa kidole gumba. Alikuwa mtu asiyependa maneno, lakini pia hakuwa akisema uongo, na kwa hivyo watu wengi hawakumuuliza kitu. Barke alimuuliza, naye akamweleza kwa taratibu. Siku ya Jumanne walikuja watu na chombo cha miguu mitatu na mnyororo mrefu, wakapima. Mmoja alikuwa na karatasi kubwa, akichora kila kitu: nyumba, minazi, kisima. Alipofika hapo alisimama, akauliza hivi vilima vinne ni nini.

"Na Khatibu akasema?"

"Akasema ni matuta ya muhogo."

Barke aliyatazama makaburi. Mrehani juu ya lile fupi ulikuwa umetoa maua madogo meupe.

"Yule mtu akaandika?"

"Akaandika. Matuta manne, muhogo. Nilikuwa hapa nilipo. Watajenga ghala la saruji. Hawa wakipanda basi tu, tingatinga laja."

"Chengo, kaburi la mama ulilichimba wewe."

"Nililichimba mimi. Na hili dogo pia."

"Na ukanyamaza."

"Sikuulizwa mimi, mama. Aliyeulizwa ni mwenye shamba." Chengo alikirudisha kisu kwenye ala. "Mtu akisema mamake ni muhogo, mimi mgema niseme nini?"

Barke hakumlaumu. Alikuwa na hasira nyingi, na alitaka kumwekea Khatibu yote bila kupunguza. Akaenda kuchota maji, akautilia mrehani kama kila Jumapili, kwa sababu ilikuwa Jumapili. Aliporudi mbele ya nyumba, Khatibu alikuwa ametoka. Dhahabu alisema amekwenda Magongo kumtaka radhi mtu ambaye yeye aliwahi kumvunjia baiskeli.

Kwa majuma mawili yaliyofuata, kila Barke alipokwenda, Khatibu alikuwa ametoka kutaka radhi. Alikwenda Chaani, Likoni, alikwenda hata kwa refa mmoja wa mpira ambaye yeye alimtukana mwaka wa 1974. Watu wakamsifu. Walisema hawajaona mtu anayesafiri na moyo mweupe kiasi kile. Mama Kafedha naye, akianika nguo, alisema ndugu wa aina ile ni wachache, na akauliza kama halua imebaki. Barke akampa yote. Yeye hakuigusa tangu Jumapili ile, na haikuingiwa hata na sisimizi, jambo ambalo pia alilitilia shaka.

Siku moja, karakana ilipofungwa, alikwenda chuoni kwa Mwalimu Jaffar. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda zao, na Mwalimu alikuwa akikusanya mbao za kuandikia.

"Mwalimu, radhi aloitoa mtu asiyejua asamehe nini, yafaa?"

Mwalimu Jaffar aliziweka mbao chini. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulionyesha kwamba swali hilo amelingoja tangu ile Ijumaa na hakupenda lilipofika. "Mimi nilishuhudia maneno, Bi Barke. Moyoni kwa mtu siingii. Haki yako ya shamba ni yako, waweza kuidai. Lakini utaidai kwa hakimu, na hakimu atataka karatasi."

"Karatasi zasema muhogo."

"Ndio hapo."

"Na ukiulizwa kama nilimsamehe?"

"Nitasema ulimsamehe," Mwalimu Jaffar alisema kwa huzuni. "Sitasema uongo kwa uzee huu."

Barke alimshukuru. Alirudi kwa miguu mpaka Bombolulu ingawa safari hiyo humuumiza kwapa, na njia nzima alikuwa akiyarudia yale maneno yake mwenyewe, la nyuma na la mbele, akijaribu kuona mahali pa kuyavuta yaachie. Yalikuwa yamekazwa vizuri. Alijiona mjinga, na kujiona mjinga kulimuuma kuliko kwapa.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi. Barke aliomba ruhusa kazini, akafika Kisauni kabla ya saa mbili asubuhi. Pikapu iliyokodiwa kuwapeleka kwenye basi la Nairobi ilikuwa imesimama mbele ya nyumba, masanduku sita nyuma yake, kufuli mpya zinang'aa. Ubani ulikuwa umefukizwa. Majirani walijaa barazani, na Mwalimu Jaffar alikuwa amemaliza kusoma dua. Mama Kafedha naye alikuwapo, kwa kuwa alipenda kuona watu wakisafiri. Bi Mwanaima alikuwa ameketi kwenye kizingiti juu ya kikapu chake kilichofungwa kwa kamba nzuri ya Dhahabu, na kila aliyeingia au kutoka alimwomba njia.

Barke alikwenda moja kwa moja kwa nduguye, akasimama mbele yake.

"Khatibu. Kaburi la mwanangu umeliuza?"

Khatibu alikuwa amevaa koti jipya juu ya kanzu, na jasho lilikuwa likimtoka.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "ulishanisamehe. Mbele ya watu."

Wote wakamgeukia Mwalimu Jaffar, naye akainamisha kichwa. Wakamgeukia Mama Kafedha, aliyesema ni kweli, alisikia kwa masikio yake, alikuwa akifua. Watu wakapumua. Jambo lililosamehewa si jambo tena, na jua lilikuwa limeanza kupanda.

"Ni kweli," Barke alisema. "Mimi nilikusamehe. Lakini mama hujamtaka radhi."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na kila mtu akaliona hivyo. Khatibu alimtaka radhi refa. Akamtazama mkewe, Dhahabu akatazama saa, na Khatibu akaenda kwenye kizingiti, akapiga magoti mchangani na koti lake.

"Mama, uniwie radhi. Lijulikanalo na lisilojulikana."

"Lijulikanalo nalijua," Bi Mwanaima alisema. "Umesema mimi ni muhogo."

Hakuna aliyecheka.

"Hilo lisilojulikana ndilo lipi?" Bi Mwanaima aliuliza.

Dereva wa pikapu akapiga honi, akapiga tena. Watoto walikuwa wamekwisha kupanda, na mdogo alikuwa akilia kwa sababu ya joto. Bi Mwanaima alingoja kwa utulivu wa mtu ambaye hakuwa na basi la kuwahi. Barke naye alingoja, amelishika gongo kwa mikono miwili, na kwa muda ule mfupi aliamini kwamba nduguye atasema. Kama angelisema tu, kwamba ameuza, kwamba aliogopa kumwambia, kwamba alijua ni mtoto aliyelala pale na si muhogo, Barke alijijua kwamba angelimsamehe mara ya pili, na mara hiyo kwa kweli.

"Tutaachwa na basi," Dhahabu alisema kutoka garini.

Khatibu hakusema kitu. Bi Mwanaima akanyoosha mkono, akamwekea kichwani, na mchanga ukaimwagikia kofia yake ya kazi ya mkono mpaka ukaingia ndani ya kola.

"Nenda. Nimekupa radhi. Siwezi kumvusha mtoto bahari bila radhi." Akauondoa mkono. "Ukifika unitumie sauti yako. Na lile jengine, siku ukilikumbuka, nitumie."

Khatibu akainuka haraka. Mwalimu Jaffar akauinua msahafu mlangoni, na msafiri akapita chini yake, akatoka, akapanda gari bila kumtazama dadake. Gari halikuharibika njiani. Basi lilifika Nairobi kwa wakati wake, ndege haikuanguka, na masanduku sita yakapimwa na kukutwa yana uzito unaoruhusiwa.

Majirani walipotawanyika, Barke alibaki barazani na mama yake. Wakati huo alikuwa amemkasirikia Bi Mwanaima kuliko alivyomkasirikia Khatibu, na alimwambia hivyo.

"Umemwacha aende hivihivi, mama."

"Na wewe ulimwacha. Tena wewe kwa halua."

Wakakaa wakitazama kamba ya nguo iliyobaki tupu. Kutoka upande wa barabara kuu ulisikika mngurumo wa mtambo mzito ukija polepole, kwa kuwa tingatinga si gari la mbio. Chengo alipita na kibuyu chake, akawaamkia wote wawili, akasema ni bora waondoke kabla ya vumbi.

"Babu na baba je?" Barke aliuliza.

"Wameshatangulia kwa ndugu zao Jomvu. Wanaume hawana mizigo." Bi Mwanaima alisimama, mchanga ukamwagika. "Mimi nilikuwa nangoja uje. Nishikie huyu, nijitwike kikapu."

Akamkabidhi leso iliyokunjwa. Barke akaipokea kwa mkono mmoja, kama mtu anavyopokea nguo, na mkono ukashuka kwa uzito alioufahamu. Miaka kumi na sita hakuushika uzito ule, na mkono haukuusahau. Alifunua pembe ya leso. Mishi alikuwa amelala, kofia ya manjano kichwani, mishono iliyokosewa upande wa kushoto. Chembe za mchanga zilikuwa kwenye kope zake. Barke alizipuliza polepole, na mtoto akakunja uso, akaendelea kulala. Barke akalia pale barazani, kwa sauti, na hakuona haya. Mama yake alimngoja mpaka akamaliza, kisha akamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, akalikaza fundo mara mbili kwa sababu ya gongo.

Walikwenda kwa miguu. Tingatinga likapishana nao penye kona, na dereva akapunguza mwendo ili asiwatimulie vumbi.

Bombolulu, Mama Kafedha alikuwa ameshatangulia kwa matatu na ameketi kizingitini akichambua mchicha. Alimtazama Bi Mwanaima na kikapu chake, akamtazama mtoto.

"Wageni wa siku ngapi?"

"Wamehama," Barke alisema.

"Watatumia maji?"

"Hawatumii."

"Mtoto yuwalia sana?"

"Hakuwa mtoto wa kulia."

Mama Kafedha akafikiri, akasema basi hakuna neno, ila wafagie mchanga wao wenyewe. Wakaingia. Chumba kilikuwa kidogo, lakini Bi Mwanaima alisema alikotoka palikuwa padogo zaidi.

Ghala lilikamilika kabla ya mwaka kwisha. Chengo aliandikwa kazi ya ulinzi, kwa sababu minazi ilikatwa. Alipoulizwa na Barke alisema ni ghala zuri, halivuji, ila upande wa nyuma sakafu imepasuka mahali panne, na kila wakiziba panapasuka tena, na mwenye ghala ameamua kuweka mifuko juu yake. Barke aliendelea na kazi yake ya kuvuta vipuli. Jumapili alikaa nyumbani. Mishi alikuwa na miezi mitatu mwezi wa Septemba, na miezi mitatu mwaka uliofuata, na Barke alimfumia kofia nyingine, safari hii bila kukosea.

Mwezi wa Machi ilifika kaseti kutoka Maskati, imeletwa na mtu aliyekuja likizo. Barke aliazima redio ya Mama Kafedha, akaiweka juu ya kinu, wakakaa kuisikiliza alasiri, mlango umefungwa nusu. Sauti ya Khatibu ilitoka safi. Alisema wamefika salama, nyumba ina vyumba vinne na mashine ya baridi, watoto wameanza skuli, Dhahabu amenenepa. Aliwasalimia watu wa Kisauni mmoja mmoja mpaka refa. Alimsalimia dadake na kumwambia autunze mguu. Mwisho akaomba, kwa sauti iliyokatika kidogo, wakipata nafasi waende kaburini kwa mama wamsomee Fatiha kwa niaba yake, na papo hapo upande ukaisha, redio ikabofya.

Bi Mwanaima alikuwa amemlaza mjukuu wake mapajani. Hakuonyesha hasira.

"Geuza," alisema. "Huenda jengine liko upande wa pili."

Barke alijua hakuna kitu upande wa pili. Alikwisha kuijaribu peke yake, asubuhi, chumbani kwa Mama Kafedha, kabla ya kwenda kazini, akaisikiliza mpaka mwisho. Akaigeuza. Walikaa wakiusikiliza ule mvumo wa kaseti isiyo na kitu, nusu saa nzima, na Bi Mwanaima hakuondoa macho kwenye redio mpaka ilipobofya.

"Bado hajalikumbuka," alisema, akaomba chai.